Siku Zikipitiliza, Nenda Ukapime

Wajukuu zangu, kaeni chini mnisikilize. Mwili wangu umechoka na sauti yangu si ile ya zamani, lakini jambo hili siwezi kulinyamazia. Nimefanya kazi ya ukunga katika zahanati na hospitali mpaka nikastaafu, na hata sasa hodi haziishi mlangoni kwangu. Wanaobisha ni wasichana wa umri wenu, na wengi wao huja wakiwa wamechelewa. Tumbo limeshafika kitovuni, sketi ya shule imefumuliwa mishono pembeni, na ukimuuliza binti aliona lini siku zake mara ya mwisho, anatazama sakafu. Ukimuuliza kwa nini hakupima, jibu ni lile lile miaka yote: "Bibi, niliogopa."

Woga huo naujua na siudharau. Ila nataka mfahamu kwamba gharama yake mnailipa ninyi wenyewe. Mimba inakua ukiijua, na inakua usipoijua. Kipimo hakimpi mtu mimba wala hakimwondolei. Kazi yake ni kukwambia ukweli wakati bado kuna mengi ya kufanya kwa ajili ya afya yako, masomo yako, na mtoto kama yupo.

Msidhani nasema habari za watu wachache walioshindikana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila wasichana 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wapatao 22 walikuwa wameshawahi kupata mimba. Ule wa mwaka 2015-16 ulionyesha 27. Idadi imepungua, tunashukuru, lakini bado ni zaidi ya mmoja katika kila watano. Hao ni dada zenu na wenzenu wa darasani, wa kwaya na wa madrasa. Wamo wanaotembea mwendo mrefu kwenda shule ya kata. Wamo waliopanga vyumba mtaani karibu na shule bila mtu mzima wa kuwaangalia. Wamo pia wanaolala nyumbani kwao kila siku, baba yupo na mama yupo. Kuna waliopenda, kuna waliodanganywa, na kuna waliolazimishwa. Mwili hauulizi ilikuwaje.

Mwanzo wa yote ni kuzijua siku zako. Zamani, hasa huku Pwani, binti akivunja ungo alikuwa na somo wake. Huyo ndiye aliyemfundisha kujisitiri, kuhesabu mwezi, na kujua likitokea jambo amwambie nani. Sisemi kila kilichofundishwa unyagoni kilikuwa chema, maana wako waliotoka humo wakaozwa wangali watoto. Lakini binti alikuwa na mtu mzima mmoja aliyejua lini anaingia mwezini na lini anatoka. Leo wengi wenu mmebaki na simu, nayo inawaambia la kweli na la uongo kwa sauti moja.

Basi andikeni. Chukua daftari au kalenda, weka alama kila damu inapoanza. Siku ya kwanza ya damu ndiyo siku ya kwanza ya mzunguko. Kwa msichana aliyevunja ungo karibuni, mizunguko huwa haijatulia. Mara hii siku 24, mara nyingine 40, na katika miaka miwili mitatu ya mwanzo hilo si ugonjwa. Hapo ndipo wengi wanapoponzeka. Binti anasema, "Zangu huwa zinarukaruka," anangoja, na kungoja kunamfikisha mwezi wa nne. Kama siku zako hazieleweki, usitegemee kalenda. Hesabu kuanzia siku uliyokutana na mwanamume bila kinga, na zikitimia wiki tatu, kipimo cha mkojo kitakupa jibu la kuaminika.

Tena mjue kwamba mimba inaweza kuingia mara ya kwanza kabisa. Inaweza kuingia kwa binti ambaye hajaona damu hata siku moja, kwa sababu yai hutoka kwanza, damu ikafuata baadaye. Inaweza kuingia hata kama mwanamume alijitoa kabla ya kumaliza, hata kama ulijiosha papo hapo. Mbegu za kiume huweza kukaa hai ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano zikilisubiri yai. Hizo "siku salama" mnazonong'onezana bwenini, kwa mizunguko isiyotulia kama yenu, hazina usalama wowote.

Sasa dalili. Ya kwanza kwa wengi ni kupitisha siku. Lakini wako wanaoona matone machache ya damu, mepesi, ya siku moja au mbili, karibu na wakati waliotarajia kuingia mwezini. Wanafurahi kwamba wamepona, kumbe matone hayo huweza kutoka mimba inapojishikiza kwenye mji wa mimba. Kwa hiyo ukiona damu ya safari hii ni kidogo kuliko kawaida yako, usiihesabu kuwa hedhi. Matiti huuma na kujaa, na weusi wa kuzunguka chuchu hukolea. Uchovu huja bila kazi, binti anasinzia darasani saa nne asubuhi. Haja ndogo huwa ya mara kwa mara. Kichefuchefu huanza kwa wengi karibu wiki ya sita ukihesabu kuanzia hedhi ya mwisho, na licha ya kuitwa cha asubuhi, huja hata jioni. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa au ya sabuni humkimbiza mtu jikoni. Wengine hutamani ukwaju, embe bichi, au ule udongo wa pemba unaouzwa sokoni. Na wengine hawasikii lolote kati ya haya, nao wana mimba.

Dalili hizi zinafanana sana na za maradhi mengine, na hata na zile za kukaribia mwezini. Uchovu na kichefuchefu, nyumbani watasema malaria. Haja ndogo ya mara kwa mara, watasema yutiai. Tumbo kuchafuka, watasema taifodi au vidonda vya tumbo. Nimewaona wasichana waliomeza dawa za mseto na antibayotiki za kununua dukani, dozi juu ya dozi, bila mtu yeyote kuwauliza habari za siku zao. Zipo dawa zisizomfaa mjamzito, kwa hiyo popote unapokwenda kutibiwa, kama siku zimepitiliza, sema. Nesi au daktari akikuuliza hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini, hakuchunguzi maisha yako. Anataka asikudhuru.

Wala msingoje tumbo. Katika mimba ya kwanza misuli ya tumbo bado imekaza, tumbo huchelewa kutokeza, na mtoto huanza kusikika akicheza karibu mwezi wa tano. Anayengoja ushahidi huo amepoteza nusu nzima ya mimba, tena ile nusu iliyohitaji kuangaliwa mapema.

Kipimo chenyewe ni kitu chepesi. Kijiti cha kupimia mkojo kinauzwa famasi na kwenye maduka ya dawa muhimu hata vijijini, na mara nyingi hakifiki bei ya sahani ya chipsi. Zahanati na vituo vya afya wanapima pia. Yai likirutubishwa husafiri mpaka kwenye mji wa mimba, na baada ya wiki moja hivi hujishikiza. Hapo chembe zitakazokuwa kondo la nyuma huanza kutoa homoni iitwayo hCG, ambayo huingia kwenye damu, kisha kwenye mkojo. Siku za mwanzo huwa ni kidogo mno, halafu huongezeka upesi. Ndiyo maana aliyekutana na mwanamume Jumamosi akapima Jumatano hawezi kupata jibu lolote la maana. Pima kuanzia siku ile ambayo hedhi ingeanza lakini haikuja, au zile wiki tatu nilizotaja kama mzunguko wako haueleweki.

Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pakiti. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, maana huo haujachujuka. Ukishakunywa maji mengi, homoni inakuwa hafifu na kipimo kinaweza kukosa kuiona. Kinga mkojo kwenye kikombe safi na kikavu, tumbukiza kijiti bila kupita alama iliyochorwa, kihesabie sekunde zilizoandikwa, kisha kilaze mahali tambarare. Soma jibu ndani ya dakika ambazo karatasi ya maelekezo imetaja, kwa kawaida kama tano. Usikiache mpaka jioni ndipo ukitazame, kwa sababu kikishakauka kinaweza kuonyesha kivuli cha mstari ambacho hakina maana. Mstari mmoja kwenye herufi C maana yake kipimo kimefanya kazi na hakikuona mimba. Mistari miwili, C na T, maana yake mimba ipo, hata kama ule wa pili umefifia. Pasipotokea mstari kwenye C, kipimo kimeharibika, chukua kingine.

Nawaomba muachane na vipimo vya jikoni. Chumvi, sukari, dawa ya meno, sabuni, na dawa ya kufulia mnayoiona ikimiminwa kwenye mkojo katika video za simu, vyote hivyo havipimi kitu. Povu likitoka au lisitoke, hujajua lolote. Nimemwona binti aliyetulia miezi mitatu kwa sababu chumvi haikuganda. Miezi mitatu haipatikani tena.

Kipimo kikikataa na siku bado hazijaja, rudia baada ya wiki moja. Kikikataa tena na bado huoni siku, nenda kituo cha afya. Mawazo, kukonda ghafla, mazoezi makali, matatizo ya homoni na uvimbe kwenye vifuko vya mayai vinaweza kusimamisha hedhi, na vina tiba. Wanaotumia sindano ya miezi mitatu au kijiti cha mkononi kuzuia mimba wanaweza kukaa muda mrefu bila kuona damu, nao wasibaki na shaka, wakapime. Aliyemeza P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ajue kwamba hedhi inayofuata inaweza kuwahi au kuchelewa kwa siku kadhaa, lakini ikipita wiki moja, apime. Na kwa kuwa wengi wenu mnaimeza P2 kama peremende, sikilizeni: hufanya kazi kwa kuchelewesha yai kutoka, ikimezwa ndani ya saa 72, na kila saa inavyopita nguvu inapungua. Mimba ikishaingia, P2 haiwezi kuitoa. Haizuii Virusi vya UKIMWI wala kaswende. Kondomu ndiyo inayozuia hayo pamoja na mimba, na kuacha kabisa kwa umri wenu ndiko ninakokuombeeni.

Sasa tuseme mistari miwili imetokea. Binti, keti chini. Usikimbilie simu ya kijana kwanza, wala usimwandikie rafiki wa darasa moja nawe ambaye naye hajui. Siku hiyo hiyo, au kesho yake, mtafute mtu mzima mmoja. Mama akiwezekana ni mama. Kama mama ni mkali, yupo shangazi, bibi, dada aliyeolewa, mwalimu wa malezi, mke wa mchungaji au wa imamu. Sema kwa maneno machache: "Nimepima, nina mimba, naogopa." Maneno hayo yanatosha kuanzia. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mimi nimeuona ukweli wake wodini: aliyeficha ndiye aliyeletwa usiku, damu zinatoka, hana hata kadi.

Ukifika kliniki, utaulizwa siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, na hesabu itaanzia hapo. Hili limevunja nyumba nyingi kwa kutojua. Mimba huhesabiwa wiki 40 tangu hedhi ya mwisho, ilhali yai hutoka karibu wiki mbili baada ya hapo. Kwa hiyo binti aliyekutana na kijana wiki nne zilizopita ataambiwa ana mimba ya wiki sita. Kijana anapiga kelele, "Mimi nimemjua mwezi mmoja tu, hiyo si yangu!" Wazazi nao wanamwona binti mwongo. Hakuna uongo hapo, ni namna ya kuhesabu. Hata altrasaundi hufuata hesabu hiyo hiyo.

Kwa nini nasisitiza mapema? Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aanze kliniki kabla ya wiki ya 12 na ahudhurie mara nane mpaka kujifungua. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, yaani karibu wiki mbili tu baada ya siku ulizotarajia kuona damu. Usipofunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Asidi ya foliki iliyomo kwenye vidonge vya FEFO hupunguza hatari hiyo, na nguvu yake kubwa ni hapo mwanzoni kabisa. Kliniki watapima wingi wa damu, presha, mkojo, kaswende na Virusi vya UKIMWI. Mama aliyegundulika mapema kuwa na virusi akaanza dawa, nafasi ya kumzaa mtoto asiye navyo ni kubwa sana. Utapewa chandarua, na kuanzia wiki ya 13 utaanza kumezeshwa SP ya kukinga malaria. Kwa mujibu wa sera ya afya ya nchi yetu, huduma za mjamzito katika vituo vya serikali hazilipiwi.

Kwa mwili mchanga kama wenu haya yana uzito zaidi. Wasichana wa chini ya miaka 20 hupata kifafa cha mimba zaidi kuliko wanawake walio katika ishirini za mwanzo, na watoto wao huzaliwa njiti au na uzito mdogo mara nyingi zaidi. Nyonga isiyokomaa inaweza kumzuia mtoto kutoka, na uchungu ukikaa siku mbili tatu bila msaada, binti anaweza kubaki na fistula, mkojo unamtoka bila kujijua. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam inawatibu hao bila malipo, na wengi hupona. Lakini binti aliyejulikana tangu mwezi wa pili hupangiwa mapema ajifungulie hospitali yenye upasuaji, na hilo halimfiki.

Zipo hali ambazo hazingoji kesho. Ukisikia maumivu makali upande mmoja chini ya kitovu, damu inatoka, kizunguzungu kinakuangusha, mimba yaweza kuwa imetungwa nje ya mji wa mimba, na mrija ukipasuka unapoteza damu ndani kwa ndani. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Ukitapika hata maji hayakai, nenda. Na kama umeshapita kwa mtu wa vichochoroni akakupa kitu cha kunywa au akakuingizia kitu, sasa unatoka damu au una homa, nenda hospitali na useme ukweli wote. Kazi ya hospitali hapo ni kuokoa maisha yako. Nimewazika wasichana waliokuwa wangali wakiulizwa na mama zao "umekula nini?" huku wakijibu "tumbo tu."

Aliyelazimishwa asiwe na siri hata dakika moja. Afike kituo cha afya ndani ya saa 72, kwa sababu ndani ya muda huo kuna dawa za kuzuia Virusi vya UKIMWI na za kuzuia mimba. Polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto, nako hutolewa fomu ya PF3. Ipo pia namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo kuipiga ni bure. Nguo alizovaa siku hiyo asizifue. Na akishajua ana mimba, asikubali shauri lake limalizwe barazani kwa fedha na mbuzi huku yeye akiwa jikoni.

Najua wengi mnaficha kwa kuogopa shule. Ilikuwa hivyo kweli: binti akikutwa na mimba jina lilifutwa, ikawa mwisho. Zanzibar walianza kuwarudisha darasani mwaka 2010. Bara, mwezi Novemba 2021, Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba msichana aliyekatiza masomo kwa ajili ya mimba anaweza kurudi katika shule ya kawaida baada ya kujifungua. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ina madarasa ya sekondari kwa waliokatiza. Kwa hiyo mlango upo. Usikae nyumbani mpaka masomo yakutoke kichwani. Mtoto akishapata nguvu na mlezi akapatikana, rudi.

Zipo shule ambazo wasichana wamekuwa wakipangwa mstari na kupimwa kwa lazima, wengine wakibonyezwa tumbo mbele ya wenzao. Mwaka 2022 Kamati ya Umoja wa Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliitaka Tanzania iachane na jambo hilo, nami kama mkunga nakubaliana nayo. Kupima kwa kushtukizwa kumewafundisha mabinti kwamba kipimo ni mtego, ndiyo maana hata kile cha kujipimia kwa hiari wanakikimbia. Kipimo ni mali ya mwenye mwili. Walimu, mfundisheni msichana kujipima na kuja kusema. Mkimtafuta kama mwizi, atajificha kama mwizi.

Ninyi wajukuu wa kiume, msiondoke, sijamaliza. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Kulala na msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji kisheria, hata akisema alikubali. Hilo mlijue kabla, sio baada. Lakini sitaki jela peke yake iwe ndiyo sababu. Ukimwambia binti "nitakuoa" kwa sababu ya usiku mmoja, ukasikia siku zimepitiliza ukabadili laini ya simu, umemwachia mtoto mwenzio mzigo wa watu wawili. Kama umekosea, simama. Mpeleke akapime, mwambie mzazi wako, ukubali litakalokuja. Na ninyi watu wazima mnaowanunulia wanafunzi vocha na kuwapa lifti, mnajijua. Watoto hawa siyo saizi yenu.

Wazazi wenzangu, ninawasihi kwa uchungu. Siku binti atakapokuja na habari hii, hasira itapanda, nami siwalaumu. Nyamazeni mpaka ipungue. Baba anayemfukuza binti pamoja na mama yake usiku hajaondoa mimba, amewaondoa tu waliokuwa wanaweza kuilea. Mkimwozesha haraka haraka, mtakuwa mmempa matatizo mawili badala ya moja. Mpelekeni kliniki kwanza. Maswali ya nani na lini yapo, yataulizwa akishapimwa presha. Na kabla ya siku hiyo kufika, mama, muulize mwanao kila mwezi kama ameona siku zake, kwa upole ule ule unaomuuliza kama amekula. Binti aliyezoea kuulizwa huja kusema wiki ya kwanza.

Na ninyi manesi wenzangu mlio kazini, ulimi wenu ni dawa au ni sumu. "Ulikuwa unatafuta nini kwa wanaume?" ni swali lisilotibu kitu. Msichana akitukanwa dirishani leo, hatarudi kesho, na tutakutana naye chumba cha upasuaji. Mfungieni mlango, mpimeni, mpeni jibu peke yake.

Wajukuu zangu, nimesema mengi kwa sababu napenda muishi. Kama mnaweza kungoja mpaka mkue, ngojeni, hamtapungukiwa na kitu. Asiyeweza kungoja atumie kinga kila mara. Na yule ambaye leo, anaposoma hapa, anajua moyoni kwamba siku zake zimepita, asianze kuhesabu upya. Kesho asubuhi, kabla hujanywa chochote, pima. Kisha mwambie mtu mzima mmoja, na wiki hiyo hiyo ufike kliniki.